Binti yangu anataka kutetea haki za watu. Je, atakula nini?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na anataka kuwa wakili wa haki za binadamu. Baba yake anasema hiyo ni kazi ya njaa na ya kujitafutia maadui. Mimi nasomesha kwa genge la mboga. Asome nini, kwa muda gani, na ataishije?
Mama Neema, Sengerema

JIBU: Salama, Mama Neema, na hongera kwa kumfikisha hapo.

Kuhusu njaa, baba yake hajakosea sana. Kodi ya ofisi yangu hapa Mwanza nailipa kwa mirathi, mikataba na kesi za ardhi, maana wanaoonewa wengi huja mikono mitupu. Neema ajifunze kwanza kazi za kawaida za uwakili, azijue vizuri. Hizo ndizo zitamlisha ili aweze kuwasimamia wasio na kitu.

Masomo ni hivi. Mimi shahada ya sheria niliisoma miaka minne Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya hapo kuna mwaka mmoja wa vitendo katika Shule ya Sheria, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Asiichukulie poa. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya kundi moja: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Akivuka, anamwomba Jaji Mkuu amkubali kuwa wakili, kisha anaapishwa. Na Kiingereza asikiache. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi tunazozitegemea bado ziko kwa Kiingereza.

Sasa nikueleze kitu ambacho darasani hakikuniingia. Nilikuwa na miezi minne tu tangu niapishwe. Akaja mama mmoja na kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la hesabu. Jirani alikuwa amemwandikia: "Jumanne, saa 3 usiku." Ndiyo saa mwanawe, dereva wa bodaboda, alipochukuliwa na polisi. Siku alipokuja kwangu ilikuwa Jumatatu, na sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Nikakimbilia Mahakama Kuu kuomba kijana aletwe mbele ya jaji. Mama akaweka dole gumba kwenye hati ya kiapo. Mimi nikasahau kuandika kwamba amesomewa yaliyomo na ameyaelewa, kwa kuwa hajui kusoma. Upande wa Jamhuri, yaani mawakili wa Serikali, wakaweka pingamizi, maombi yakatupwa. Kijana akalala ndani siku tatu zaidi mpaka nilipofungua upya. Haki alikuwa nayo, mstari ndio niliouacha mimi. Kile kipande cha karatasi ninacho mpaka leo kwenye droo.

Kwa hiyo Neema akisema anapenda haki, muulize kama anapenda na makaratasi. Aanze kwa kusoma kesi ya Holaria Pastory wa Muleba, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mwaka 1988. Mpwa wake akamshtaki mahakama ya mwanzo kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo, na huko mpwa akashinda. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu hapa Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ni ubaguzi, inapingana na Katiba. Ilianza kama kesi ya shamba, kama zile zinazonilipia kodi. Kisha asome ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliyesimamiwa na wakili Jebra Kambole, kuhusu sheria ya ndoa iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Alishinda 2016, Serikali ikakata rufaa, akashinda tena Oktoba 2019. Miaka mitatu ya kusubiri, na msichana wa miaka 15 hasubiri.

Kisha njia ikabanwa. Marekebisho ya 2020 yalitaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze yeye mwenyewe ameathirikaje. Kwa sharti hilo, wakili hakuweza kuona sheria mbaya akaikimbiza mahakamani kwa niaba ya umma. Ilibidi ampate aliyeumia, amsikilize, aandike tarehe na saa yake sawasawa. Ni kazi ya kukaa ofisini, tena inachosha.

Maadui? Mawakili wa Serikali ni wenzangu, tukitoka mahakamani tunasalimiana. Ila hofu ipo, Mama Neema, sitakudanganya. Nimewahi kulala nikisikiliza kila gari linalopita nje. Mwambie na hilo.

Wakati anasubiri chuo, awe anakwenda kukaa mahakama ya mwanzo hapo kwenu, asikilize. Kesi husikilizwa hadharani, hahitaji ruhusa ya mtu isipokuwa hakimu akiamua vinginevyo. Aandike kila shauri: nani analalamika, amekosa karatasi gani, limeahirishwa hadi lini. Baada ya mwezi mmoja mlete ofisini kwangu. Aje na daftari hilo.