Poka ya watu wawili: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, mezani mkiwa wawili tu. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa katikati: tatu kwa mpigo (flopu), kisha ya nne, kisha ya tano. Katika mifano yetu dau dogo la lazima ni 50 na kubwa ni 100.

Tukibaki wawili huwa tunabishana: nani anaweka dau dogo?

Mgawaji. Anaweka 50, mwenzake 100. Kabla ya flopu mgawaji ndiye anayeanza kusema, yaani kuamua kutupa, kufuata au kupandisha. Flopu ikishafunuliwa, anasema wa mwisho hadi karata ya tano. Ubishi unatokana na meza ya watu wengi, ambako mgawaji haweki chochote. Msiupuuze utaratibu huu, maana anayesema mwisho anaona mwenzake kafanya nini kabla hajatoa hata chipu moja. Karata ileile ina thamani zaidi ukiwa mgawaji.

Nasubiri karata nzuri, lakini chipu zinaisha kabla hazijafika. Nakosea wapi?

Kwenye kusubiri kwenyewe. Jozi ya mkononi huja wastani wa mara moja katika migao 17. Kila migao miwili unatoa 150 za lazima, kwa hiyo ukitupa kila kitu, jozi yako ya kwanza itakukuta umeshaachia kama 1,275. Ikiwa ulianza na 2,000, umebaki na nini cha kuchezea?

Mkiwa wawili, karata za kawaida zina nguvu kuliko unavyodhani. Malkia na saba za alama tofauti ziko katikati kabisa: dhidi ya karata zozote zile hushinda takriban mara 52 katika 100. Ree na saba hufika kama 59. Na mbovu kuliko zote si saba na mbili, kama wanavyosema kwenye meza kubwa, bali tatu na mbili, kwa sababu kati ya wawili mara nyingi mshindi huamuliwa na karata moja ya juu, na saba inazipita nyingi kuliko tatu.

Ukigawa, pandisha hadi 200 au 250 katika migao saba au nane kati ya kila kumi. Tupa takataka tu, kama nane na tatu za alama tofauti. Ukiwa upande wa pili, punguza. Mwenzako akipandisha hadi 250, unaongeza 150 ili kugombea 350 zilizoko mezani, yaani unahitaji kushinda mara 30 katika 100. Bei inaonekana rahisi, ila kumbuka utasema kwanza raundi zote zinazofuata, na hapo ndipo karata dhaifu hukugharimu.

Nipige mkwara lini?

Anza na bei. Mezani kuna 500, flopu ni mfalme, saba na mbili, kila moja alama yake. Wewe ndiwe uliyepandisha, mkononi huna kitu, na mwenzako amepita bila kuweka dau. Weka 170. Mkwara huo unajilipa akitupa zaidi kidogo ya mara moja katika nne, maana unahatarisha 170 kupata 500. Mwenye karata mbili zisizo jozi hukosa hata jozi kwenye flopu karibu mara mbili katika tatu, na flopu kavu kama hii haimwachii mengi ya kutumainia.

Sasa badilisha flopu: tisa, nane na saba, mbili kati yake kopa. Hapo mwenzako mara nyingi ana jozi, au karata zinazokaribia tano za mfululizo, au kopa nne ukijumlisha na za mezani, hatupi. Pita.

Kosa tunaloliona mno ni ukubwa wa dau kumsaliti mtu: akiwa na kitu anaweka 400, akiwa mtupu anaweka 150. Mpinzani makini atakusoma ndani ya nusu saa. Kwa flopu ya aina moja, weka kiasi kimoja, uwe nacho usiwe nacho.

Mwenzangu hatupi karata hata umfanyeje!

Basi acha mkwara kabisa. Ukipata jozi ya juu (karata yako ikilingana na kubwa kuliko zote zilizofunuliwa), weka robo tatu ya kilichopo mezani, na urudie kwenye karata ya nne na ya tano. Atalipa.

Nimebaki na chipu 1,000. Nipandishe hadi 200 kama kawaida?

Hapo ni dau kubwa kumi tu. Ukipandisha 200 kisha ukatupa, umepoteza sehemu ya tano ya mtaji. Ukiwa mgawaji, kilicho rahisi ni kuweka zote au kutupa. Weka zote kwa jozi yoyote, ree yoyote na mfalme karibu yoyote. Kuzifuata zote za mwenzako kunataka karata bora zaidi: anayeweka anaweza kushinda kwa wewe kutupa, anayefuata hana njia ila kufunua. Unalipia 900 kugombea 1,100, kwa hiyo unahitaji 45 katika 100.

Ni kweli kompyuta imeshaumaliza mchezo huu?

Ule wenye kikomo cha dau, kwa kiasi kikubwa ndiyo: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu yao Cepheus, inayoucheza karibu bila kosa. Usio na kikomo haujamalizwa, ingawa mwaka 2017 programu Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika migao 120,000. Cepheus ina fundisho moja la kuchukua bure: ikiwa mgawaji, ni nadra sana kufuata tu kabla ya flopu. Inapandisha au inatupa.