Utajuaje kama kupumua polepole kunakusaidia?

Ndugu, unauliza kama dakika zako kumi za kupumua polepole zinapunguza msongo kweli au unajidanganya. Una haki ya kushuku. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha jaribio la watu 400: kundi moja lilipumua takriban mara 5.5 kwa dakika, jingine mara 12, kwa wiki nne. Wote walipata nafuu, ila hakuna kundi lililolizidi jingine. Huenda kule kukaa kimya tu ndiko dawa, nani ajuaye.

Jipime mwenyewe. Kila usiku andika msongo wako, 0 hadi 10, wiki mbili bila zoezi, kisha wiki mbili nalo, na usichungulie alama za nyuma. Ukihisi kizunguzungu, unavuta hewa kwa pupa, punguza.