Rangi za picha za Zohali
Je, rangi tunazoziona kwenye picha za sayari ya Zohali ni za kubuni? Rangi hizo hazikubuniwa, ila kamera za chombo cha anga cha Cassini, kilichoizunguka Zohali kuanzia 2004 hadi 2017, hazikupiga picha ya rangi moja kwa moja. Kila picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ikipigwa kupitia kichujio kimoja kwa wakati, na baadaye zile za kichujio chekundu, cha kijani na cha bluu zikaunganishwa hapa duniani kupata rangi inayokaribia ile ambayo jicho lingeiona. Ukitazama kwa makini picha zilizounganishwa ambazo hazijasafishwa, utaona mwezi mdogo wa Zohali una ukingo mwekundu upande mmoja na wa bluu upande wa pili, kwa sababu ulisogea kati ya picha moja na nyingine.

Tahadhari ni moja: picha za Enceladus, mmoja wa miezi ya Zohali, zenye mistari ya bluu karibu na ncha ya kusini zimetiwa chumvi makusudi, kwa kutumia pia mwanga wa urujuanimno na infraredi, ambao jicho haliuoni, ili nyufa zinazorusha mvuke na chembe za barafu zionekane vizuri.