Wasomaji Wanauliza: Utabiri wa Wiki Msimu wa Vuli Tuusomeje?

Karibuni tena wasomaji wetu. Oktoba ikifika meseji zinazotufikia zinakuwa za mvua tupu, wa shambani anauliza, wa ziwani anauliza, wa bondeni anauliza, kwa hiyo safari hii ukurasa wote tumeuachia utabiri wa wiki, ule unaotolewa kwa mkoa au kanda. Ni kitu kizuri sana na kinaokoa mbegu na roho za watu, ila unatakiwa kujua unakwambia nini na nini haukwambii. Twende na maswali.

Habari za kazi. Mimi niko Muheza. Jumatatu redio ilisema wiki hii mkoa wa Tanga utapata mvua, na kweli Amani kule juu imenyesha mpaka njia zimeharibika, huku kwetu chini hata vumbi halijalala. Mimi nimekaa na mbegu ndani nasubiri. Hawa watu wa utabiri wanatuona kweli sisi wa huku chini? (Mama wa Muheza)

Nzuri mama, na pole kwa kusubiri. Wanawaona, ila utabiri wa wiki unazungumzia eneo kubwa, hauzungumzii shamba la mtu. Mvua nyingi za vuli zinatoka kwenye mawingu ya radi yanayojijenga mchana jua likishachoma, na wingu moja la namna hiyo linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, linamwaga nusu saa limekwisha, ndo maana upande mmoja wa kijiji wanakanyaga matope na upande wa pili wanafagia vumbi. Halafu Amani ni milimani. Upepo wenye unyevu ukitoka baharini unagonga milima ya Usambara, hauna pa kwenda isipokuwa juu, na hewa ikipanda inapoa na ikipoa unyevu unageuka mawingu na mvua. Kwenu chini upepo uleule unapita tu, kwa hiyo mvua hiyohiyo ya "mkoa wa Tanga" kwao inakuwa nyingi na kwenu haba.

Ukisikiliza tena shika yale maneno madogo ambayo wengi tunayaruka: "maeneo machache", "baadhi ya maeneo", "maeneo mengi". Hayo mama ndo utabiri wenyewe. Wakisema maeneo machache ya mkoa wa Tanga yatapata mvua, na Amani ikapata, Muheza chini ikakosa, basi utabiri umetimia vilevile hata kama wewe umebaki na mbegu zako ndani.

Simu yangu kila siku inanionesha kiwingu na matone saa tisa mchana, wiki nzima, halafu wameandika asilimia 60. Siku tatu zimepita hamna kitu. Niifute hiyo aplikesheni? (Kijana wa Morogoro)

Usiifute ila usiipe imani yote. Aplikesheni nyingi za simu zinachukua hesabu za kompyuta moja kwa moja, hamna mtu wa hali ya hewa anayekaa kuangalia Morogoro ikoje leo. Zile kompyuta zinaigawa dunia kwenye viboksi vya kilomita kadhaa, na msimu huu kila mchana zinaona joto lipo na unyevu upo basi zinaweka kiwingu. Wingu lenyewe litaangukia wapi ndani ya kiboksi, hapo hazijui.

Ile asilimia inatokana na kurudia hesabu. Mfano kituo cha Ulaya kinachoitwa ECMWF, kila safari kinaendesha utabiri mara 51, kila mara kikianza na tofauti ndogondogo kwenye hali ya hewa ya sasa hivi, kisha wanaangalia ngapi zimeleta mvua. Zikikubaliana unaweza kuamini zaidi, zikitawanyika ujue hali haitabiriki. Na hizo tofauti ndogo zinakua kila siku inayopita, kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo zina uzito na siku ya sita na ya saba ni mwelekeo tu. Ukiona Jumapili ijayo wameandika mvua, usipange kitu kwa hiyo Jumapili leo, subiri Alhamisi au Ijumaa uangalie upya. Na mtabiri wa nchi yako akitofautiana na simu, mimi ningemfuata mtabiri, manake yeye anaijua milima yenu.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi usiku, majirani wote wameshapanda mahindi na mimi mke wangu ananiambia nachelewa. Utabiri wa wiki unasema "vipindi vifupi vya mvua". Nipande au nisubiri? (Mkulima, Mwanga, Kilimanjaro)

Kaka, hili swali ndo linaloniuma kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu kila vuli kuna watu wanapoteza mbegu walizonunua kwa hela ya mkopo, na kinachowaponza ni mvua moja nzuri ya usiku mmoja.

Kwanza jua imenyesha kiasi gani, usipime kwa kelele za bati. Chukua kopo lenye pembeni zilizonyooka, juu na chini upana sawa, liweke wazi mbali na miti na mapaa, likae sawasawa na limefungwa kwenye kigingi lisiangushwe na kuku. Asubuhi saa tatu, ndo saa ambayo hata vituo vya hali ya hewa vinasoma, chovya rula usome maji yamefika milimita ngapi kisha umwage. Angalia tu rula yako, nyingi zina kipande kitupu kabla ya sifuri, hicho nacho uhesabu la sivyo utajipunja. Andika kwenye daftari.

Sasa kulinganisha. Kituo cha ICPAC, hiki cha IGAD, umoja wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, kilichoko Ngong karibu na Nairobi ambacho kinatoa utabiri wa wiki wa kanda nzima ya Afrika Mashariki, kikichora mwanzo wa mvua kinatafuta kama milimita 20 ndani ya siku tatu, halafu siku 21 zinazofuata kusiwe na ukavu wa siku saba mfululizo. Ona sehemu ya pili hiyo, ndo yenye maana kwako. Mbegu ikiwa kwenye vumbi kavu kabisa inaweza kukaa, lakini mvua ya milimita nane au kumi inaiamsha, inachipua, mzizi bado mfupi, kisha jua linawaka wiki nzima, hapo umepoteza. Kwa hiyo mvua ndogo ina hatari kuliko kutonyesha kabisa.

Shika jembe ufukue shambani. Kama unyevu umeishia vidole viwili vitatu kutoka juu na chini yake ni kukavu, hiyo bado. Kama umeshuka kiganja kizima na zaidi, udongo ukiubana unashikana, hapo una akiba ya siku kadhaa. Ndo sasa usome utabiri, na ukisoma usitafute siku ya mvua, tafuta kama kuna ukavu mrefu unakuja. "Vipindi vifupi vya mvua" wiki hii na wiki ijayo, juu ya udongo uliolowa vizuri, mimi ningepanda. Maneno hayohayo juu ya udongo uliolowa juujuu ningengoja, majirani wacheke wasicheke. Na kama moyo hautulii gawa shamba, panda nusu sasa na nusu mvua ya pili, mbegu zote usizitupe kwenye siku moja. Mwambie na mama kwamba kungoja nako kuna mwisho, vuli ni fupi, kufika Januari mara nyingi imeshakata, kwa hiyo mbegu iwe ya muda mfupi, na mkichelewa sana choroko au kunde zitawafaa kuliko mahindi.

Huku Kitui tunaambiwa kila mwaka El Niño inakuja ama La Niña inakuja. Mwaka mwingine inakuja na hatuoni mafuriko, mwingine tunaambiwa hakuna na mvua inabeba madaraja. Tushike lipi? (Msomaji, Kitui)

Mshike bahari mbili badala ya moja. El Niño ni joto la bahari ya Pasifiki, na La Niña ni bahari hiyohiyo ikipoa, mbali sana na sisi. Bahari ya Hindi iko hapa mlangoni, na upande wake wa magharibi, huu wetu, ukiwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia umepoa, vuli yetu inakuwa nzito. Ukigeuka kinyume, tunakauka. Rudi nyuma uone: 1997 bahari zote mbili zilisukuma upande mmoja tukapata mafuriko ambayo watu hawajayasahau. 2015 El Niño ilikuwa kali lakini Bahari ya Hindi haikuungana nayo kwa nguvu kama 1997, na mafuriko ya namna ile hayakuja. 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia tu, ila Bahari ya Hindi ilichemka vibaya na mvua ikabeba watu na nyumba. 2023 zote mbili tena. Na vuli za 2020, 2021 na 2022 zilikuwa za La Niña, kule Kenya kaskazini na mashariki, Somalia na kusini mwa Ethiopia nyinyi mnajua zaidi yangu mifugo ilivyoisha.

Ila hiyo ni habari ya msimu, inatolewa kama mwishoni mwa Agosti. Wiki ni kitu kingine. Kuna wimbi kubwa la mawingu linazunguka dunia kwenye ukanda wa ikweta, linachukua siku 30 mpaka 60 kumaliza mzunguko, likiwa juu ya magharibi ya Bahari ya Hindi mvua zinaongezeka kwetu, likishasogea Indonesia na Pasifiki tunapata wiki kavu hata kama msimu mzima umetabiriwa "juu ya wastani". Kwa hiyo ukisikia msimu mzuri halafu utabiri wa wiki unasema pakavu, usione wanajipinga. Na kwenu Ukambani mvua za Oktoba mpaka Desemba ndo za kutegemewa kuliko za Machi, Novemba ndo kilele, sasa wiki kavu ya Novemba ikitangazwa mapema iwasaidie kufunga mitaro na kuweka matandazo shambani maji yasipotee.

Mbona sisi Dodoma hatutajwi kwenye vuli? (Msomaji)

Kwa sababu nyinyi mna msimu mmoja, unaanza Novemba hivi mpaka Aprili, sawa na Singida, Iringa, Mbeya, Ruvuma, Lindi na Mtwara. Vuli ni ya pwani ya kaskazini na visiwani, nyanda za kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria. Utabiri wenu unatolewa peke yake, usipande kwa kusikia Tanga wamepanda.

Sisi tunavua dagaa usiku Ukerewe. Jioni ziwa linakuwa shwari kabisa, saa nane tisa za usiku linachafuka. Kuna namna ya kujua mapema? (Mvuvi)

Ndugu yangu, ziwa lina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, basi upepo unatoka nchi kavu pande zote kuingia ziwani, pepo zinakutana katikati, hewa ya joto juu ya maji inapanda, mawingu ya radi yanajengeka kuanzia usiku wa manane kwenda alfajiri. Kisha upepo wa mashariki unayasukuma magharibi, ndo maana Bukoba wanaamka na mvua asubuhi. Mchana inageuka, upepo wa ziwa unaenda nchi kavu na radi zinahamia kule. Kwa hiyo utulivu wa jioni usikudanganye hata siku moja, hauna habari yoyote ya saa tisa usiku.

Utabiri wa wiki kwako uwe wa kupangia tu. Wa kuamulia kutoka au kutotoka ni ule wa leo jioni, wa ziwa, Mamlaka ya Hali ya Hewa wanautoa, angalia upepo na urefu wa mawimbi na neno "ngurumo". Ukiwa majini angalia umeme kwa mbali, ukiuona hesabu sekunde mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu haufiki thelathini, liko ndani ya kilomita kumi, pakia nyavu urudi. Na ukisikia upepo wa baridi wa ghafla usoni ujue wingu limeshaanza kumwaga na upepo wake umelitangulia, hapo una dakika. Laifu jaketi iwe mwilini muda wote, kuikalia kwenye mtumbwi hakusaidii, tafadhali sana.

Naishi bondeni Jangwani, Dar. Zile rangi za tahadhari zina maana gani na nihame lini? (Mama wa watoto watatu)

Mama, njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanaangalia mambo mawili pamoja, uwezekano wa kutokea na madhara yatakuwa makubwa kiasi gani, kwa hiyo usisubiri nyekundu. Wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, na milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, yani paa la mita za mraba 60 peke yake linashusha lita 3,000. Piga hesabu ya mapaa yote ya jiji na lami, maji yote hayo yanatafuta bonde lako. Kwa bondeni njano ikitoka funga vyeti, dawa na nguo za watoto kwenye mfuko wa plastiki na uongee na ndugu utakapolala. Machungwa ikitoka, lala huko kabla haijanyesha, manake maji ya usiku hayakupi nafasi ya kubeba watoto watatu. Na usiangalie anga la Jangwani tu. Mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu, mvua ikipiga kule wewe kwako pakavu maji yanakuja, kwa hiyo kila ukisoma utabiri wa Dar soma na wa mkoa wa Pwani upande wa Kisarawe.