Jibu: Mtu wa Malindi kufunzwa kupima barafu ya Mlima Kenya

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama wewe wa Malindi, uliyezoea usawa wa bahari, unaweza kazi ya kupima jinsi barafu ya Mlima Kenya inavyoyeyuka. Unaweza. Kupima kwenyewe ni kama kupima kina kwa upondo: barafu hutobolewa, kigingi kikashindiliwa humo, kisha baada ya miezi unarudi na futikamba. Kikijitokeza mita 1 zaidi, ujue imeyeyuka mita 1, yaani karibu sentimita 90 za maji. Barafu ya Lewis, mojawapo ya barafu za mlima huo, ilichorwa ramani mwaka 1934, kwa hiyo una cha kulinganisha.

Shida ni urefu wa mlima, maana huko juu hewa ni haba. Point Lenana, kimojawapo cha vilele vyake, iko mita 4,985, na ubavu wa mtu haumkingi. Hata baharia mwenye misuli huangushwa. Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba au kuongea ovyo, wenzako wakuteremshe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Miwani ya jua usiache, theluji huunguza macho. Mafundo ya kamba nadhani huko kwenu hamhitaji mwalimu, ila kutembea mmefungana kamba juu ya nyufa za barafu lazima mfunzwe.