Fungua folda ya mchezo kabla hujaupenda

Juma lililopita kijana mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliniandikia akiuliza aanze na mchezo gani wa mikakati wa kompyuta, kwa kuwa anataka kuuingiza ufalme wa Waluba ndani yake. Swali hilo lilinigusa, maana nami nilianzia hapo hapo, na nilianza vibaya.

Mimi niliitaka Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke wa Katanga, kabla hajauawa mwaka 1891, pamoja na misafara yake na misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Nilichagua mchezo ulionivutia kwa picha, bila kujiuliza takwimu zake zimehifadhiwa vipi. Kumbe zote zilifungwa katika faili moja lisilosomeka kwa macho, na hata kubadilisha bei ya askari mmoja kulihitaji programu maalumu iliyotengenezwa na mashabiki. Nilifanya kazi miezi minane, usiku, umeme ulipokuwapo. Kisha likaja toleo jipya, mpangilio wa faili ukabadilika, na kazi yangu yote ikakataa kufunguka. Folda ile ningali nayo, na kila nikiiona moyo unaniuma.

Nilipohamia The Battle for Wesnoth, mchezo wa bure uliotoka mara ya kwanza mwaka 2003, nilikuta kila aina ya askari ina faili lake la maandishi ya kawaida: uhai, hatua, bei na silaha, kila kimoja mahali pake. Hata ramani ni maandishi. Nilibadilisha namba, nikarudi kwenye ukurasa wa mwanzo, nikabonyeza F5, na mchezo ukasoma upya kila kitu. Jioni ile ile mwindaji wangu wa Kiyeke alisimama na bunduki yake.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, msichague kwa macho. Fungueni folda kwanza. Msipoweza kusoma kilichomo, acheni. Mchezo wa Freeciv huweka kanuni zake katika maandishi, ule wa 0 A.D. hutumia XML na JavaScript, ambazo nazo ni maandishi yanayosomeka, na mwenye simu ya Android pekee anaweza kuanza na Unciv, ambayo nyongeza zake huandikwa kwa JSON, mpangilio mwingine wa maandishi ya kawaida. Wazee wetu hawatatokea katika michezo hii mpaka sisi wenyewe tuwaweke, nasi hatutawaweka tukipoteza miaka tukigombana na faili lililofungwa.

Bunkeya yangu sasa ina ramani tatu, na wiki hii ninachora msalaba wa shaba utakaochukua nafasi ya sarafu ya dhahabu.