Mzee ana mapafu mabovu na anakonda: mimi kopo la protini nilishalinunua

Pole sana mkuu. Umeuliza kama umnunulie mzee unga wa protini wa kopo, maana ugonjwa sugu wa mapafu umemmaliza na miguu haina nguvu. Nimemuuguza mama kwa ugonjwa huohuo mwaka wa nne sasa. Sigara hajawahi kushika. Yeye alichoma vitumbua kwenye moshi wa kuni tangu sijazaliwa.

Kopo nililinunua kwa bei ya kuumiza, muuzaji akiapa kwamba wiki mbili tu mama atatembea kama msichana. Miezi miwili baadaye kilo mbili zimeongezeka kweli, lakini kutoka mlangoni hadi chooni bado anasimama mara mbili kushika ukuta.

Mtu wa mazoezi tiba ndiye aliyenitoa tongotongo. Alimtembeza kwenye korido dakika 6, akapima mita, kisha akaniambia protini bila mazoezi inaongeza uzito zaidi kuliko nguvu. Tukaanza: kusimama na kukaa kitini mara kumi, asubuhi kutembea hadi kwenye mwembe wa jirani. Hapo ndipo nikaona tofauti.

Jambo jingine ni ulaji wenyewe. Mama alikuwa akila tonge tatu anasukuma sahani, "nimeshiba." Shibe gani! Pumzi ndiyo ilikuwa imekata. Tumbo likijaa linabana mapafu kwa chini, na mapafu ya namna hii yanakula nguvu nyingi kwa kupumua tu. Sasa anakula kidogo kidogo mara tano au sita, amekaa wima, pampu ya dawa ya kufungua pumzi ameshavuta kabla. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusagwa, mayai, dagaa. Kopo lilipoisha sikununua jingine.

Sisemi virutubisho ni uongo. Tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa aliyekonda akiongezewa lishe, uzito hupanda na hutembea mbali zaidi kidogo. Mwenye mwili wake faida ni ndogo. Vitamini D apewe aliyepimwa akakutwa na upungufu. Kriatini, ule unga wa kujenga misuli wa vijana wa jimu, iache, ikichanganywa na mazoezi haikuonekana kuongeza cha maana kwa wagonjwa hawa. Na kama mzee ana shida ya figo au sukari, usimpe unga wowote kabla daktari wake hajasema.

Sasa ana kilo ngapi, na mwaka jana alikuwa na ngapi? Weka hapa tuone.